Tathmini ya DSpace: hifadhi ya kidijitali ya chuo, na ajira inayokuja nayo

Chuo kikuu kikitaka tasnifu na makala za watu wake zisomeke bure kutoka popote, programu inayotajwa kwanza karibu kila mara ni DSpace. Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili, Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, Makerere, Nairobi, Kenyatta: wote wamejenga hifadhi zao juu yake. Ilitolewa Novemba 2002 na maktaba za MIT kwa kushirikiana na maabara za Hewlett-Packard, na leo inasimamiwa na shirika la Lyrasis la Marekani. Ni programu huria yenye leseni ya BSD, kwa hiyo hakuna ada ya leseni wala kikomo cha idadi ya faili au watumiaji.

Hukumu yetu tuiseme mapema. Kwa chuo chenye mtu wa kuihudumia, DSpace ndiyo chaguo bora lililopo. Kwa chuo kisicho na mtu huyo, ni mzigo utakaoanguka ndani ya miaka miwili au mitatu. Mtu huyo si lazima awe mhandisi wa kompyuta. Anayefaa zaidi ni mkutubi aliyejifunza seva kiasi cha kutosha, na wa aina hiyo ni wachache. Ndiyo maana tathmini hii inaitazama DSpace kwa macho mawili: kama chombo cha ufikiaji huria, na kama njia ya kazi kwa wakutubi wa vyuo.

Toleo gani usakinishe

Toleo la 7, lililotoka Agosti 2021, lilibadilisha muundo wote. Zamani ukiwasha Tomcat, seva inayoendesha programu za Java, tovuti imewaka. Sasa kuna vipande viwili. Nyuma kuna seva ya Java inayoongea na hifadhidata ya PostgreSQL na injini ya utafutaji ya Solr. Mbele kuna kiolesura kilichoandikwa kwa Angular na kuendeshwa na Node.js. Mabadiliko hayo yaliwachosha wengi, lakini yalileta mambo mazuri: tovuti inasomeka vizuri kwenye simu, kila mtafiti anaweza kuwa na ukurasa wake, na tangu toleo la 7.3 ukurasa huo unaweza kuunganishwa na ORCID, namba ya kudumu inayomtambulisha mtafiti, ili kazi zipelekwe huko moja kwa moja.

Toleo la 8 lilitoka 2024 na la 9 likafuata 2025. Anayeanza leo asakinishe mojawapo ya hayo mawili. Matoleo ya 5 na 6 yaliacha kupata masasisho ya usalama mwaka 2023, na bado hifadhi nyingi za ukanda wetu zinayaendesha. Njia rahisi ya kutambua: ukiona /xmlui au /jspui kwenye anwani ya tovuti, hilo ni toleo la zamani. Kutoka 6 si lazima upitie 7. Hifadhidata inapandishwa moja kwa moja kwa amri ya dspace database migrate ignored, na faili zenyewe hazisogei. Kitakachopotea ni sura ya tovuti: rangi, nembo na kurasa ulizotengeneza kwenye XMLUI, kiolesura cha zamani, vinaundwa upya, kwa sababu hakuna njia ya kuvihamisha.

Usakinishaji na mahali unapokwama

Kwa toleo la 8 unahitaji Java 17, Maven, Ant, PostgreSQL yenye kiendelezi cha pgcrypto, Solr, Tomcat 10 na Node.js, vyote juu ya Linux. Ubuntu au Debian zinatosha. Seva ya GB 8 za RAM itawaka lakini itapumua kwa shida. Omba GB 16 na prosesa yenye kiini 4. Kinachokula kumbukumbu kuliko vyote ni kujenga kiolesura cha mbele, kazi inayofanyika kila unapobadilisha mwonekano au kusasisha toleo. Node ikikatika katikati na kulalamika kuhusu heap, yaani kumbukumbu iliyotengewa, si lazima ununue seva nyingine. Jenga kwenye kompyuta yenye nguvu, kisha nakili folda ya dist hadi kwenye seva.

Kosa linalowakwamisha wengi linahusu anwani tatu. Kwenye local.cfg, faili la mipangilio la upande wa nyuma, kuna dspace.server.url na dspace.ui.url. Kwenye config.prod.yml ya kiolesura kuna sehemu ya rest yenye host, poti na ssl. Ya rest lazima ikubaliane na dspace.server.url herufi kwa herufi, na dspace.ui.url iwe ileile ambayo watu wanaifungua kwenye kivinjari. Ukiweka http upande mmoja na https upande mwingine, au mkwaju wa ziada mwishoni, ukurasa utafunguka lakini hutaweza kuingia, au utapata ujumbe wa "No _links section found". Kabla ya kugusa kitu kingine fungua anwani ya seva yako ikiishia na /server/api. Ukiona ukurasa wa viungo vya REST, mlango ambao kiolesura hupitia kuongea na seva, upande wa nyuma ni mzima na tatizo liko kwenye mipangilio ya mbele.

La pili ni cheti cha usalama. Nje ya localhost DSpace haikuruhusu kuingia bila HTTPS, na cheti cha bure cha Let's Encrypt kinafaa kabisa. Ila kivinjari kinaweza kukikubali cheti ambacho Node inakikataa, kwa sababu kivinjari hujitafutia vyeti vya kati na Node haifanyi hivyo. Dalili yake ni kurasa zinazofunguka kwa watu huku kwenye kumbukumbu za seva kukiwa na kilio cha "unable to verify the first certificate". Kwenye Nginx, seva ya wavuti inayokaa mbele ya DSpace, elekeza kwenye fullchain.pem, si cert.pem, na tatizo linaisha.

La tatu ni dogo lakini linapoteza siku nzima. Nginx kwa kawaida hairuhusu faili inayozidi MB 1. DSpace yenyewe inapokea hadi MB 512. Mtumiaji anapakia tasnifu ya MB 3, anapata kosa namba 413, na lawama zote zinaangukia DSpace. Badilisha client_max_body_size, basi.

Namba inayoaibisha hifadhi

Handle ni anwani ya kudumu inayopewa kila kazi, na huanza na kiambishi cha chuo. DSpace inakuja na kiambishi cha mfano: 123456789. Kiko pale kwa ajili ya majaribio tu. Hata hivyo hifadhi nyingi sana duniani, na nyingi za hapa kwetu, zimekwenda hewani nacho. Maana yake ni kwamba kiungo cha kudumu kilichochapwa kwenye marejeo ya tasnifu hakina udumu wowote. Ukikiandika kama hdl.handle.net/123456789/450 hakikupeleki popote, na siku jina la tovuti ya chuo likibadilika kila kiungo kilichonukuliwa kinakufa.

Dawa yake ni nafuu. Unaomba kiambishi halisi kwa Handle.Net kwa ada ya dola 50 kwa mwaka, unawasha seva ya handle, na unawaomba watu wa TEHAMA wafungue poti 2641 na 8000 kwenye ukuta wa moto. Hapo kwenye poti ndipo maombi mengi hukaa miezi, kwa hiyo yaandike kwenye barua moja na ombi la seva tangu mwanzo. Kwa hifadhi ambayo tayari ina maelfu ya kazi kuna amri ya dspace update-handle-prefix, inayobadilisha kiambishi cha zamani kuwa kipya kwa mkupuo. Chukua nakala rudufu ya hifadhidata kwanza, kisha ujenge upya faharasa kwa dspace index-discovery -b. Linganisha dola hizo 50 na ada ambayo jarida la Nature lilitangaza mwaka 2020 kwa makala moja ya ufikiaji huria, euro 9,500, utaona kwa nini njia ya hifadhi ya chuo inastahili kupiganiwa.

Tasnifu moja, kuanzia skana hadi Google Scholar

Tuchukue mfano wa kawaida: tasnifu ya zamani ya Kiswahili, kurasa 180, iliyokaa rafuni kwa karatasi tu. Skani kwa dpi 300. Rangi weka kwenye kurasa zenye ramani na picha, na kijivu kwa zilizobaki. Ukiskani kitabu kizima kwa rangi utapata faili la MB 90 au zaidi ambalo hakuna mwanafunzi wa kijijini atakayelipakua kwa bando lake.

Hatua inayorukwa ni kutambua maandishi. PDF iliyoskaniwa ni picha tu. DSpace ina kazi ya usiku iitwayo filter-media inayochota maandishi kutoka kwenye PDF ili yatafutike, na ikikutana na picha haichoti kitu. Hifadhi inaonekana imejaa, lakini ukitafuta neno lililomo ukurasa wa 40 hulipati. Programu huria ya OCRmyPDF inatatua hili ikitumia Tesseract, na Tesseract ina data ya Kiswahili kwa jina la swa. Amri ni ocrmypdf -l swa+eng, ikifuatiwa na jina la faili la kuingia na la kutoka. Weka lugha zote mbili, maana tasnifu zetu nyingi zina ikisiri ya Kiingereza hata pale mwili wake ni wa Kiswahili. Ukitumia eng peke yake, maneno ya Kiswahili yatatoka yamevurugika.

Kisha punguza uzito wa faili hadi chini ya MB 5. Kipimo hicho kinatoka kwenye maelekezo ya Google Scholar yenyewe: faili inayozidi hapo haihesabiwi kama makala kamili. Kati ya mambo yote ambayo mkutubi anaweza kufanya ili kazi za chuo zionekane, hili ndilo lenye faida kubwa kwa jasho dogo.

Sasa metadata, yaani taarifa zinazoieleza kazi. Sehemu za lazima ni chache, na dc inayozitangulia ni kifupi cha Dublin Core, kiwango cha kuelezea machapisho: dc.title, dc.contributor.author, dc.date.issued, dc.type, dc.language.iso, dc.description.abstract. Kwenye lugha andika sw kwa Kiswahili, si en. Kwenye dc.date.issued weka mwaka tasnifu ilipokubaliwa. Tarehe uliyoipakia DSpace inaijaza yenyewe kwenye dc.date.accessioned, na wanaochanganya hizo mbili huishia na tasnifu ya 1994 inayosomeka kama ya 2025.

Majina yanahitaji uamuzi wa chuo, tena ulioandikwa. Fomu inauliza jina la ukoo na jina la kwanza. Mwandishi wa Pwani au Zanzibar anayeitwa Asha Juma Khamis hana jina la ukoo kwa maana hiyo: Juma ni baba na Khamis ni babu. Mpakiaji mmoja ataandika Khamis, Asha Juma. Mwingine Juma, Asha. Wa tatu Asha, J. K. Mfumo utawahesabu kuwa waandishi watatu. Amueni kwamba jina la mwisho kama lilivyo kwenye jalada ndilo linalotangulia, msivunje kanuni hiyo, na muombe kila mtafiti aliye hai awe na ORCID ili namba imtambulishe hata jina likiandikwa vibaya. Makosa yaliyokwisha kujazana yanasafishwa kwa kutoa metadata kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kuifungua kwenye OpenRefine, programu ya kusafisha data, kukusanya majina yanayofanana, na kuirudisha. Usiifungue CSV hiyo kwenye Excel: inabadilisha tarehe na kuharibu herufi. Waandishi wawili wa kazi moja hutenganishwa kwa alama ya ||, nayo isiguswe.

Kama tasnifu ziko mia, usizipakie moja moja. Kuna mpangilio uitwao Simple Archive Format: folda moja kwa kila kazi, na ndani yake faili la dublin_core.xml, faili la contents lenye orodha ya majina ya faili, na PDF zenyewe. Amri ya dspace import inazimeza zote na kuandika mapfile, yaani daftari la nini kimeingia wapi. Litunze, kwa sababu ndilo linalokuwezesha kuuondoa mkupuo mzima endapo umekosea. Anza na kazi 5, zikague kwenye tovuti, ndipo uendelee.

Zuio la muda liwekwe kwenye faili, sio kwenye kazi nzima. Ukiliweka kwenye kazi nzima unaficha hata kichwa na ikisiri, na mwandishi anapoteza watu ambao wangemwandikia kuomba nakala. Ukomo wa zuio uliowekwa kiwandani ni miezi 36. Chuo chenye utafiti unaosubiri hataza ya miaka mitano kitabadilisha thamani hiyo kwenye access-conditions.xml. Tarehe ikifika faili linafunguka lenyewe.

Na kabla ya kubofya kitufe cha mwisho, pitia viambatisho. Tasnifu za afya na elimu ya jamii hubeba fomu za ridhaa zenye sahihi na namba za simu za waliohojiwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Kurasa hizo zitolewe kwenye nakala ya hadharani, na nakala kamili ibaki ikiwa imefungwa.

Kuvunwa, na kuvamiwa

Faida kubwa ya DSpace dhidi ya kuweka PDF kwenye tovuti ya kawaida ni OAI-PMH, mlango ambao CORE ya Uingereza, BASE ya Bielefeld na OpenAIRE hupitia kuvuna metadata. Jiandikishe kwanza kwenye OpenDOAR, orodha ya hifadhi huria za dunia, kwa kuwa wavunaji wengi huanzia hapo. Tahadhari kwa wanaopandisha toleo: anwani ya mlango huo ilikuwa /oai/request, na tangu toleo la 7 ni /server/oai/request. Usipowaarifu wavunaji, kazi zako mpya hazitaonekana kwao na hakuna atakayekupigia simu. Pia amri ya dspace oai import iwe kwenye ratiba ya cron, kipanga kazi cha Linux, kila usiku, la sivyo mlango upo wazi lakini hauna kipya.

Upande wa pili wa kuonekana ni roboti. Tangu wajenzi wa akili mnemba waanze kukusanya maandishi kwa pupa, hifadhi za vyuo zimekuwa zikizidiwa. Shirikisho la hifadhi huria, COAR, liliuliza wanachama wake mwaka 2025, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema roboti wakali wamewafikia. DSpace mpya inaumia hapa kuliko ya zamani, kwa sababu kila ukurasa unaoombwa na roboti unajengwa upya na Node. Sasisha hadi toleo dogo la karibuni la mfululizo wako, maana marekebisho ya karibuni yameondoa kurasa za utafutaji kwenye ujenzi huo. Ongeza botCache kwenye config.prod.yml, na weka kikomo cha maombi kwenye Nginx. Usizuie roboti wote kwa pamoja: Googlebot ukimfungia nje, jasho lote la sehemu iliyotangulia limekwenda bure.

Nakala rudufu tuipitie haraka, lakini isipuuzwe. Vitu viwili vichukuliwe usiku uleule: pg_dump ya hifadhidata na folda ya assetstore zinamokaa faili zenyewe. Kimoja bila kingine hakina thamani. Faharasa ya utafutaji inajengwa upya wakati wowote. Takwimu za upakuaji haziko hivyo: zinakaa ndani ya Solr peke yake, na zikipotea zimepotea. Toa statistics kwa solr-export-statistics kila mwezi. Makamu mkuu wa chuo akiuliza hifadhi imesomwa mara ngapi, namba hizo ndizo jibu.

Kazi inayotokana na yote haya

Hadi hapa inaonekana wazi kwamba programu ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni mtu, na mtu huyo anatafutwa zaidi sasa kuliko wakati wowote tangu Tamko la Budapest la 2002 lililotangaza ufikiaji huria, kwa sababu wafadhili wamebana masharti. Tangu Januari 2025 Gates Foundation hailipi tena ada za kuchapisha makala, na inataka rasimu ya awali iwekwe hadharani kwa leseni ya CC BY, inayoruhusu kazi itumike na yeyote mradi amtaje mwandishi. Tangu Julai 1, 2025 taasisi za afya za Marekani, NIH, zinataka muswada uliokubaliwa upelekwe PubMed Central, hifadhi ya makala za afya ya Marekani, na usomeke bure siku ileile makala inapotoka, bila kusubiri miezi 12 kama zamani. Ulaya, Plan S, mpango wa wafadhili wanaodai ufikiaji huria, inafanya kazi tangu 2021. Watafiti wa Afrika Mashariki wanaoishi kwa fedha hizo wanahitaji mtu jengoni wa kuwaambia: toleo gani la muswada unaruhusiwa kuliweka wapi, kwa leseni ipi, kuanzia lini. Jibu linapatikana kwenye Open policy finder ya Jisc, ambayo wengi wanaijua kwa jina la zamani la Sherpa Romeo. Ila lazima awepo anayejua kuisoma na kutofautisha muswada uliowasilishwa, uliokubaliwa na uliochapishwa.

Nafasi zenyewe hutangazwa kwa majina mengi: mkutubi wa mifumo, mkutubi wa hifadhi ya kidijitali, wa mawasiliano ya kitaaluma, wa data za utafiti. Kwa vyuo vya umma Tanzania tazama Ajira Portal. Taasisi za utafiti wa afya na kilimo na miradi ya wafadhili hutangaza kwenye tovuti zao, mara nyingi kwa mikataba ya muda. Mkataba wa muda usiudharau: kuhamisha hifadhi kutoka toleo la 6 hadi la 8 ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayoweza kuonyeshwa kwa kiungo, na ina soko katika kila chuo ambacho bado kina /xmlui. Kuna pia kampuni zinazoishi kwa DSpace pekee au kwa sehemu kubwa, kama Atmire ya Ubelgiji na 4Science ya Italia, na wanaochangia kwenye mradi wenyewe huonekana huko.

Shahada ya ukutubi kutoka EASLIS, shule ya ukutubi ya Makerere, Moi au Dar es Salaam, au stashahada ya chuo cha Bagamoyo, inakufikisha mlangoni. Kinachokutofautisha na wengine kwenye usaili ni ushahidi. Anza na demo.dspace.org, ambako akaunti za majaribio ziko wazi kwa kila mtu: pakia, kagua, rudisha kazi, kubali. Kisha washa DSpace kwenye kompyuta yako kwa Docker, zana inayowasha programu na vyote inavyohitaji kwa pamoja. Mradi unatoa faili zote zinazohitajika, kwa majaribio tu na si kwa matumizi halisi. Kompyuta yenye GB 16 inafaa. Jifunze amri za Linux za kila siku, SELECT na JOIN za SQL, cron, na kusoma kumbukumbu za makosa bila hofu. Library Carpentry ina masomo ya bure ya amri za Linux na SQL yaliyoandikwa kwa wakutubi, pamoja na OpenRefine.

Ushahidi mwingine unaopatikana kirahisi ni tafsiri. Maneno yote ya kiolesura cha DSpace yamo kwenye faili moja kwa kila lugha ndani ya src/assets/i18n. Kuyakamilisha kwa Kiswahili safi hakuhitaji uprogramu, kunamfaa kila msomaji wetu, na jina lako linabaki kwenye historia ya mradi ambapo mwajiri yeyote anaweza kuliona. Tungependa sana kuona hili likifanyika.

Usiache majarida. Mkutubi anayeendesha DSpace huombwa kuendesha OJS pia, programu ya majarida, na hapo maswali ni ya DOI, namba ya kudumu ya makala, na DOAJ, orodha ya majarida huria. Kuomba kuingia DOAJ hakuna malipo. Kwa DOI, mpango wa GEM wa Crossref, shirika linalosajili DOI, ulioanza Januari 2023 umeondoa ada za uanachama na za usajili kwa taasisi za nchi zenye uwezo mdogo zaidi wa kiuchumi, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa. Jarida la chuo linalokaa bila DOI hadi leo katika nchi hizo halina kisingizio cha fedha. Mashirikisho ya maktaba, COTUL Tanzania, KLISC Kenya na CUUL Uganda, yanafanya kazi na EIFL, shirika linalosaidia maktaba za nchi zinazoendelea, na huandaa mafunzo. Ukiwa mwanachama uliza ratiba.

Nani asiinunue, ingawa ni ya bure

EPrints, iliyozaliwa Southampton mwaka 2000, ni nyepesi kusakinisha, lakini wanaoijua ukanda huu ni wachache na ukikwama utakwama peke yako. Digital Commons, ambayo Chuo Kikuu cha Aga Khan hutumia kwa eCommons yake, inakuondolea shida zote za seva. Gharama yake ni ada ya kila mwaka na utegemezi kwa Elsevier, iliyonunua bepress, kampuni inayoitengeneza, mwaka 2017.

Chuo kidogo chenye tasnifu chini ya mia tatu na mtu mmoja wa TEHAMA anayehudumia pia mtandao na mashine za kuchapa, kisisakinishe DSpace mwaka huu. Kifungue jumuiya kwenye Zenodo, huduma ya CERN iliyoanza 2013. Haina malipo, kila kazi inapata DOI papo hapo, na rekodi moja inabeba hadi GB 50. Andikeni metadata kwa nidhamu ileile, na tunzeni jedwali lenye DOI, jina la faili na kila sehemu ya Dublin Core. Chuo kitakapopata mkutubi wa mifumo, jedwali hilo linageuzwa kuwa Simple Archive Format kwa siku chache, kazi zinaingia DSpace kwa mkupuo, na DOI za Zenodo zinaandikwa kwenye dc.identifier.doi bila kufutwa zilikotoka.